Uzi: Trabant, stempu na maisha ya mjini Ujerumani Mashariki. Foleni ile aliitengeneza nani?

MkusanyaStempu:

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila ikifika tarehe 9 Novemba picha zile zile zinarudi mitandaoni: Trabant, yale magari madogo ya Ujerumani Mashariki, zinavuka mpaka Berlin usiku ule wa 1989 Ukuta ulipofunguliwa, watu wanazipigapiga boneti kwa furaha. Chini yake maoni nayo ni yale yale: gari la makaratasi, mafundi wao walikuwa hawajui kitu. Nakusanya stempu za nchi ile tangu ujana wangu, na stempu huielewi mpaka ujue aliyeibandika alikaa nyumba gani, alilipwa nini, alikwenda kazini na chombo gani. Ndiyo maana nimesoma sana habari za miji yao na magari yao, na leo nasema waziwazi kwamba tunawaonea wale mafundi. Mtu kusubiri gari zaidi ya miaka 10 hakukutokana na uvivu wa karakana. Kulitokana na maamuzi ya ofisini, na maamuzi hayo yana miaka yake.

Tuanze Zwickau, jimbo la Saksonia. Mji ule haukuanza magari na ukomunisti. August Horch alianzisha pale mwaka 1909 kiwanda ambacho baadaye kikaitwa Audi, na kuanzia 1931 mji ule ule ukawa unatoa DKW ndogo zinazovutwa na magurudumu ya mbele, wakati karibu dunia yote ilikuwa bado inasukuma kwa magurudumu ya nyuma. Vita vilipokwisha Wasovieti waling'oa mitambo mingi wakaipeleka kwao kama fidia. Viwanda vikubwa vya chuma vya Wajerumani vilibaki bonde la Ruhr, upande wa magharibi, na bati jembamba la kukandia bodi likawa adimu, maana nchi za magharibi ziliweka vikwazo. Sasa fundi umeagizwa uunde gari la wananchi na bati huna.

Walichukua pamba, nyingi ikiwa mabaki ya viwanda vya Umoja wa Kisovieti, wakaitandika tabaka juu ya tabaka pamoja na resini ya fenoli, gundi ya kemikali inayoganda kwa joto, wakaibana kwenye mashine zenye joto kali mpaka ikatoka madigadi, mlango, boneti. Hiyo ndiyo Duroplast. Humo hamna karatasi. Mlango wa Duroplast hauli kutu hata ukae mvuani miaka 30. Kinachooza kwenye Trabant ni chuma cha fremu kilicho ndani. Mimi naihesabu kazi hiyo kuwa ubunifu wa hali ya juu.

Trabant ya kwanza ilitoka Novemba 1957. Mwaka 1964 ikaja 601: silinda mbili, cc 600 kasoro kidogo, baadaye nguvu za farasi 26, uzito kama kilo 600, mwendo wa juu kama kilomita 100 kwa saa. Kwa mwaka 1964 hilo lilikuwa gari la heshima kwa familia ya mfanyakazi. Ubaya ni kwamba 601 hiyo hiyo, kwa sura ile ile, iliendelea kutoka kiwandani mpaka 1990.

Na hapa naomba msome polepole. Katikati ya miaka ya 1960 wahandisi wa Zwickau tayari walikuwa na gari jipya mkononi, wakaliita P603. Lilikuwa na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu pamoja na kioo chake, umbo ambalo Golf ya Volkswagen ilikuja kulisambaza duniani kuanzia 1974. Magari ya majaribio yalishaundwa, hata injini ya Wankel, ile ya rota isiyo na pistoni, ilijaribiwa. Mwaka 1968 uongozi wa chama tawala ukaamuru kazi isimame. Miaka ya 1970 wakaanza upya kwa kushirikiana na Wachekoslovakia, mradi wa P610. Mwaka 1979 nao ukafutwa. Katikati ya hayo, mnamo 1978, serikali hiyo hiyo ikaagiza Golf kama 10,000 kutoka magharibi ili kupunguza manung'uniko ya wananchi. Na viongozi waliokaa kwenye makazi yao ya Wandlitz, kaskazini mwa Berlin, walikuwa wakibebwa na Volvo za Uswidi.

Fundi aliyechora P603 na kuona michoro yake ikifungiwa kabatini, leo unamwambia hajui kazi? Mimi roho inaniuma kila nikisoma hilo.

Nitaendelea na mji, halafu stempu. Karibuni mchangie.

FundiGereji:

Mkuu nimetia kambi, shusha nondo. Mimi mtu wa spana, nina gereji yangu huku Ilala. Injini za mipigo miwili nazijua za pikipiki za zamani na za boti, kwenye gari la abiria sijawahi kufungua. Nina maswali mawili. Oili walichanganyaje? Na gari likishuka mlima dereva kaachia mafuta, injini si inakosa oili wakati magurudumu yanaizungusha kwa kasi?

MkusanyaStempu:

Fundi, swali lako la pili limenifurahisha, maana ndipo ufundi wao ulipo.

Oili iliingia pamoja na petroli, sehemu 1 ya oili kwa 33 za petroli kwenye matoleo ya zamani, baadaye 1 kwa 50. Vituo vya mafuta vilikuwa na pampu ya mchanganyiko ulio tayari. Tangi liko ndani ya boneti, juu kuliko kabureta, kwa hiyo petroli inashuka yenyewe bila pampu. Trabant nyingi hazikuwa na geji ya mafuta. Unafungua boneti, unatoa kifuniko, unazamisha kijiti chenye alama, unasoma kama unavyosoma oili ya injini. Ukiwa njiani na injini ikaanza kukata, unanyoosha mkono chini ya dashibodi unageuza koki kwenda kwenye akiba, kisha unatafuta kituo haraka.

Sasa kuhusu mteremko. Ulivyosema ndivyo ilivyo: ukiachia mafuta, oili nayo haiji, na pistoni zitakauka. Kwa hiyo gia ya nne iliwekewa utaratibu wa kuachia wenyewe. Ukiondoa mguu, magurudumu yanajiendea huku injini ikibaki kwenye mwendo wa chini, haizungushwi na barabara. Ukitaka injini ikusaidie kufunga breki unarudi gia ya tatu.

Injini inapozwa kwa hewa, feni inaendeshwa na mkanda. Haina rejeta, haina pampu ya maji, haina vali za kichwani za kurekebisha. Watu wawili wanaitoa kwa mikono bila winchi. Na ilibidi iwe hivyo, kwa sababu spea zilikuwa kama dawa. Mwenye gari alijifunza mwenyewe kubadilisha plagi, klachi na silensa, na akiona silensa dukani ananunua hata kama yake ni nzima, maana jirani ataihitaji na jirani huyo huenda anafanya kazi kwenye duka la vigae. Hela peke yake haikukutoa. Kilichokutoa ni kujuana.

Na foleni yenyewe ikawa mali. Kijana akitimiza miaka 18 wazazi wanamwandikisha agizo la gari, hata kama hana mpango wa kuendesha, ili zamu ije kufika. Katikati ya miaka ya 1980 Trabant mpya iliuzwa kuanzia kama marka 8,500, na mshahara wa wastani ulikuwa kidogo zaidi ya marka 1,000 kwa mwezi. Bei hiyo mtu angeweza kujinyima akaifikia, ila zamu hakuweza kuinunua. Ndiyo sababu Trabant iliyotumika, ambayo ungeondoka nayo leo leo, iliuzwa ghali kuliko mpya. Aliyekuwa na shangazi magharibi alikuwa na njia nyingine: kampuni ya serikali yenyewe iliyoitwa Genex. Shangazi analipa kwa marka za magharibi, wewe unaletewa gari bila kusubiri miaka. Yaani gari lilikuwepo. Foleni ilikuwa ya wasio na fedha za kigeni.

KijanaWaUbungo:

Mzee, heshima yako, lakini hapa naona unaegemea upande mmoja. Watu wale walikuwa na kazi wote, kodi ya nyumba karibu bure, watoto wanapelekwa chekechea. Mimi hapa mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mbele, na kila asubuhi nagombania daladala. Ningeambiwa nipewe nyumba yenye maji ya moto halafu gari nisubiri miaka 12, ningesaini leo.

MkusanyaStempu:

Kijana wangu, hoja yako ni nzito na siikwepi. Tena nakuongezea: nauli ya tramu, basi na treni za mji wa Berlin Mashariki ilikuwa fenigi 20, na marka moja ni fenigi 100. Hakukuwa na konda. Ndani ya tramu kulikuwa na kisanduku. Unatumbukiza sarafu, unavuta mkono wa chuma, unachana tiketi yako, na abiria wenzako ndio mashahidi. Mkate mdogo wa asubuhi fenigi 5. Barua ya kwenda popote ndani ya nchi fenigi 20, sawa na ile nauli. Bei hizo zilikaa miongo bila kuguswa, na wazee wa kule hadi leo wanazitaja kwa moyo mkunjufu. Wana haki.

Nyumba nazo walizijenga kweli. Honecker alipochukua uongozi kutoka kwa Walter Ulbricht mwaka 1971 aliahidi kwamba kufikia 1990 tatizo la nyumba litakuwa limekwisha. Walikuwa na mfumo ulioitwa WBS 70: kuta nzima za zege zinamwagwa kiwandani zikiwa na matundu ya madirisha tayari, zinaletwa kwa lori, kreni inazipanga. Marzahn, mashariki mwa Berlin, palikuwa mashamba na vijiji, na kuanzia 1977 pakageuka mji mzima wa maghorofa. Halle-Neustadt ilijengwa kuanzia 1964 kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya kemikali vya Buna na Leuna. Familia iliyotoka kwenye nyumba ya zamani, ambako unabeba makaa kutoka chini na choo kiko kwenye ngazi mnatumia na jirani, ikaingia kwenye nyumba yenye bafu lake na joto la bomba, ilishukuru.

Lakini nyumba hizo za zamani katikati ya Leipzig, Halle na Berlin Mashariki ndizo zilizolipia. Kodi ndogo haikutosha hata kuziba paa. Mitaa mizima ikaachwa ivuje mpaka balkoni zikawa zinaanguka. Na nyumba mpya nayo ilikuwa na foleni yake. Vijana walioana mapema na kuzaa mapema kwa sababu waliooana ndio waliofikiriwa kwanza. Kwa hiyo usione kwamba ilikuwa gari tu. Umepewa kimoja, ukasubiri kingine, na aliyepanga nini kitangulie hukumchagua wala hukuweza kumwondoa. Ungeandika hayo kwenye barua kwa rafiki wa nje, kulikuwa na Idara M ya usalama wa taifa, Stasi, iliyofungua barua kwa mvuke, ikasoma, ikagundisha tena. Mtoza stempu huwa anakagua gundi ya bahasha za wakati ule kwa jicho la pili.

Kahawa nayo ina historia yake inayotugusa. Mwaka 1977 bei ya kahawa ilipopanda duniani, serikali ikakosa fedha za kigeni ikatoa mchanganyiko ambao karibu nusu yake haikuwa kahawa. Watu walikasirika kuliko walivyokasirikia mambo mengine mengi. Serikali ikageukia Ethiopia ya Mengistu, ikapata kahawa kwa kubadilishana na silaha. Kikombe cha mama wa Dresden na bunduki ya vita vya Ogaden, vya Ethiopia na Somalia, vilikuwa kwenye daftari moja la hesabu.

BintiMichenzani:

Shikamoo mzee. Nimesoma mpaka hapo kwenye kuta za zege nikasema lazima niandike.

Mimi nimekulia Michenzani, Unguja, ghorofa ya nne. Bibi yangu alihamishiwa pale kutoka nyumba ya udongo ya Ng'ambo iliyobomolewa kupisha majumba. Anasema siku walipopewa ufunguo alilia kwa furaha, halafu akalia tena alipogundua hana uwanja wa kuanikia nazi wala baraza ya kukaa na wenzake jioni. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kupandisha maji kwa madumu, bomba la juu linakoroma tu. Watu wakafanya baraza yao chini, penye ngazi, na biashara ndogondogo zikaota hapo hapo. Wazee wote wanasema majumba ni ya Wajerumani. Ni kweli yanafanana na hayo ya kwao?

MkusanyaStempu:

Marahaba mwanangu. Ahsante kwa kuandika, maana bila Zanzibar uzi huu ungekuwa habari za watu wa mbali.

Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, Ujerumani Mashariki ilikuwa ikitafuta kwa udi na uvumba nchi za kuitambua, kwa sababu Ujerumani Magharibi ilitishia kukata uhusiano na yeyote atakayefanya hivyo. Zanzibar iliitambua mapema kabisa, ikiwa ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara, na misaada ikaja: walimu, madaktari, mafundi, na nyumba za Kikwajuni na Kilimani. Baada ya Muungano wa 26 Aprili 1964 jambo hilo likawa mgogoro. Ujerumani Magharibi ilipoanza kuondoa msaada wa kijeshi ili kumshinikiza Mwalimu Nyerere, yeye akawaambia waondoe na uliobaki. Mwisho wake Wajerumani Mashariki wakabaki na ofisi ya konseli mkuu, ngazi iliyo chini ya ubalozi.

Mwaka 1968 mpangaji miji wao, Hubert Scholz, alichora mpango wa mji wa Zanzibar, na Michenzani ilitokana na mpango huo pamoja na shauku kubwa ya Mzee Karume mwenyewe. Yale majengo marefu ya karibu mita 300, yaliyopangwa kufuata barabara mbili zinazokatana, ukiyatazama kwa juu na ukatazama na mitaa ya Halle-Neustadt, utaona mkono mmoja. Tofauti ni hiyo aliyoisema bibi yako. Mpango ulimhesabia mtu vyumba na madirisha, haukumhesabia baraza. Wajerumani wa Marzahn nao walilalamika hivyo hivyo miaka ya mwanzo: nyumba zimeshahamiwa, nje bado matope matupu, duka halijafunguliwa, watoto wanakwenda shule na viatu vya mpira.

Sasa niingie kwenye stempu, maana ndipo Zanzibar inarudi kwa namna ambayo wengi hawaijui.

Stempu za kila siku za nchi ile zinakuonyesha serikali ilitaka ionekaneje. Kuanzia 1961 ilikuwa kichwa cha Ulbricht kwa kila rangi na kila bei. Alipoondolewa, mfululizo ulioanza 1973 ukawa wa majengo: minara, viwanja, baadaye na Palast der Republik, jengo la bunge lao, lililofunguliwa 1976. Ile ya fenigi 20, iliyobandikwa karibu kila barua ya kawaida, ilikuwa na sanamu kubwa ya Lenin ya Berlin iliyosimamishwa 1970. Sanamu hiyo ilianza kubomolewa 1991. Stempu zake zimejaa kwenye makasha ya watozaji dunia nzima. Mwaka 1971 walitoa hata stempu za kuadhimisha miaka 10 ya Ukuta wa Berlin.

Magharibi nao hawakukaa kimya, vita vya stempu vilikuwepo kweli. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilitoa stempu ya kukumbuka miaka 20 tangu Wajerumani wafukuzwe kwenye maeneo ya mashariki. Posta ya Ujerumani Mashariki ikaikataa: barua zenye stempu hiyo zilirudishwa, au stempu ilipakwa rangi nyeusi juu yake. Mtu kamwandikia mama yake salamu za Krismasi, barua inarudi kwa kosa la stempu.

Lakini ninalotaka mlishike ni hili la stempu iliyofungwa. Serikali ikitoa seti, tuseme ya ndege au ya maua, yenye stempu sita, moja katika hizo sita ilichapwa kwa idadi ndogo kuliko wenzake kwa makusudi. Huikuti dirishani posta. Ili uipate lazima uwe na kitambulisho cha mtozaji, umejiandikisha kwenye chama kilicho chini ya Kulturbund, jumuiya ya utamaduni ya nchi ile, na hata hapo unapewa idadi uliyopangiwa. Sababu ni fedha za kigeni. Watozaji wa magharibi walitaka seti kamili, kwa hiyo ile moja adimu ilipandisha bei ya seti nzima kwenye soko la nje. Utaratibu huo uliendelea kuanzia miaka ya 1950 mpaka miaka ya 1980.

Mnaona nilikokuwa naelekea? Gari lilikuwa adimu kwa sababu ya bati, ya mitambo iliyong'olewa, na ya miradi iliyofutwa. Lakini stempu ni kipande cha karatasi. Karatasi ilikuwepo, wino ulikuwepo, mashine ilikuwepo. Upungufu wake uliamuliwa mezani, na mtoto wa Rostock aliyependa ndege akabaki na pengo kwenye albamu yake wakati mtu wa Hamburg anayo. Gari la Genex na stempu ile moja ya seti ni jambo lile lile. Bidhaa ilikuwepo, ila ilisubiri mwenye fedha za nje. Hilo ndilo linalonikasirisha katika nchi iliyojiita ya wafanyakazi na wakulima.

FundiGereji:

Mkuu umenifungua macho, sikujua stempu ina siasa hivyo. Umesema Zanzibar inarudi, malizia.

MkusanyaStempu:

Namalizia. Mara baada ya Mapinduzi, stempu zenye picha ya Sultani zilizokuwa zimebaki posta ziligongwa juu maneno "Jamhuri 1964", kwanza kwa muhuri wa mkono, baadaye kwa mtambo. Kisha baadaye mwaka huo huo zikaja stempu mpya kabisa: upinde na mshale ukikata minyororo, Mzanzibari na bunduki yake, shoka, mkuki na jambia. Hizo zilichapwa Leipzig, Ujerumani Mashariki, kwenye kiwanda cha kuchapia noti. Na za mwaka 1965, za mwaka mmoja wa Mapinduzi, nazo zilitoka huko huko. Zanzibar iliendelea na stempu zake mpaka mwisho wa 1967, baada ya hapo tukatumia zile za pamoja za Kenya, Uganda na Tanzania.

Nikizishika huwa nageuza upande wa nyuma nione gundi, halafu naziweka karibu na za Leipzig za wakati ule. Ni uchapaji wa aina moja: rangi zimelala bapa, mistari mikavu, matundu ya kingo safi. Jengo la Kikwajuni na stempu iliyobandikwa kwenye barua iliyotoka jengo hilo vilitoka nchi moja.

MasafaMafupi:

Wazee wenzangu, kuna kitu mmekisahau. Radio Berlin International ilikuwa na matangazo ya Kiswahili. Miaka ya 1980 nilikuwa nawasikiliza kwa redio ya betri, kijijini kwetu mkoa wa Morogoro, masafa mafupi yanakwaruza unasogeza antena mpaka dirishani. Ukiwaandikia kwamba umewapata vizuri, wanakujibu: kadi ya uthibitisho, kalenda, wakati mwingine bango la mji. Na bahasha imejaa stempu nzuri ajabu. Shuleni kwetu mtu mwenye bahasha ya Berlin au ya Moscow alikuwa anaheshimika. Niliujua Fernsehturm, mnara wa televisheni wa Berlin, kabla sijaijua Kariakoo.

Matangazo yalizimika 2 Oktoba 1990, siku moja kabla ya Ujerumani kuungana. Ninazo bahasha zao kwenye sanduku la marehemu baba, pamoja na albamu yenye stempu nyingi za Ujerumani Mashariki zenye mihuri. Zina thamani? Wanangu wanasema nizitoe bahashani nizipange vizuri.

MkusanyaStempu:

Mzee mwenzangu, kwanza waambie wanao wasiguse mkasi wala maji!

Stempu za albamu, nyingi zitakuwa za bei ndogo. Zigeuze. Ukikuta stempu ina muhuri lakini gundi ya nyuma bado ipo nzima, haikuwahi kusafiri kwenye barua. Posta yao iliigonga muhuri kiwandani ili iuzwe rahisi kwa pakiti nchi za nje. Utaona pia muhuri umekaa vizuri mno kwenye pembe, robo duara safi, hauchafui picha. Pakiti hizo zilifika maduka mengi ya Afrika na watoto wengi walianzia hapo. Watunzie wajukuu, ni nzuri kwa kujifunzia. Zile zilizotoka baada ya marka ya magharibi kuanza kutumika huko Julai 1990 zina neno "Deutsche Post" tu, jina la nchi halimo. Zilitolewa kwa miezi michache tu, ila zilichapwa nyingi, kwa hiyo usitegemee utajiri.

Bahasha zako ndizo ninazozionea wivu. Stempu iliyolipia safari ya kweli, muhuri wa Berlin wenye tarehe, anwani ya kijiji cha Morogoro, na kama posta ya Dar iligonga wa kwake nyuma, hiyo ni hati. Ukiitoa stempu umebaki na kipande cha fenigi chache na umeua hadithi yote. Ziweke zilivyo, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki isiyo laini, ile laini hunata na kula rangi. Weka mbali na jua na unyevu, weka na kalenda na kadi pamoja, usitenganishe kilichokuja kwenye bahasha moja.

Na kama kwenye sanduku hilo kuna barua yoyote ya Zanzibar ya 1964 yenye maneno "Jamhuri 1964" yaliyogongwa kwa mkono, usimuuzie mtu wa kwanza atakayekupigia simu. Mpelekee mtaalamu anayezijua aitazame kwanza, maana muhuri wa mkono ni rahisi kuigiza.

BintiMichenzani:

Mzee, bibi ana mkoba wa barua za mjomba wake aliyekwenda kusoma Leipzig. Alikaa mwaka mzima Herder-Institut akijifunza Kijerumani kabla ya kuanza masomo yenyewe. Nikizipiga picha mbele na nyuma, niziweke hapa hapa kwenye uzi au nifungue mwingine?

MkusanyaStempu:

Ziweke hapa hapa mwanangu. Funika majina na anwani kwanza, acha stempu, mihuri na gundi ya nyuma ionekane. Na muulize bibi kama mjomba aliwahi kuandika chochote kuhusu gari au nyumba aliyokaa.